Jua la Juzi

Kichangani ni kitongoji kidogo mbele ya Moa ukielekea mpaka wa Kenya, na watu wake wana ada moja ambayo hawajaiandika popote. Jirani akija mlangoni na kifuu cha nazi kuomba moto, hanyimwi. Humwulizi anapika nini wala kwa nini kwake umezimika. Unachagua kaa jekundu, unamwekea, anaondoka akilipuliza. Mwanamkasi binti Hamadi aliikuta ada hiyo kwa wazazi wake, waliovuka nayo kutoka Pemba, na katika miaka yake hamsini na sita hakuwahi kumwambia mtu hapana. Tusimfanye malaika. Ulimi alikuwa nao, na angeweza kukusema kuanzia kisogoni hadi kisiginoni huku mkono wake ukikukabidhi kile ulichokifuata. Lakini angekupa.

Sasa mtu wa namna hiyo unamkabidhi ufunguo wa gari la kijiji kizima, halafu unataka kushangaa? Kosa la kwanza, tuseme ukweli, lilikuwa la kikundi.

Kikundi chenyewe kinaitwa Tushikane. Kina kaya thelathini na moja na gari moja la umeme, dogo, jeupe, lililotumika ng'ambo mpaka betri yake ikapita ujana. Hata hivyo likijaa linakwenda Tanga mjini na kurudi. Sahani za sola ziko juu ya paa la madrasa, na barazani umetundikwa ubao wa zamu unaoonyesha nani analihitaji, siku gani, anakwenda wapi. Mgonjwa huwatangulia wote, kisha mjamzito wa kliniki, kisha samaki, kisha harusi. Kabla ya gari hilo, mgonjwa wa Kichangani alifungwa kwa leso mgongoni mwa dereva wa bodaboda na kupelekwa hivyo hivyo, kichwa kikining'inia, mpaka barabara ya lami.

Katiba ya Tushikane inataka madereva wanne, wawili wawe wanawake. Siku ya kuchagua, wanawake wote walitazama chini ila Mwanamkasi, naye hakutazama chini kwa sababu alikuwa anabishana na katibu kuhusu jambo jingine. Wakamchagua. Hakuwahi kupanda hata baiskeli. Walimfundisha majuma mawili kwenye uwanja wa mpira, na alikuta gari halina gia wala makelele, ukikanyaga linakwenda, ukiachia linapunguza mwendo lenyewe na kujirudishia umeme kidogo. Siku ya kwanza kuliendesha peke yake alitoka uwanjani hadi msikitini, mwendo wa dakika nne. Alishuka. Alikaa barazani, akaangalia ile njia aliyopita kama mtu aliyevuka bahari, akalia mbele za watu bila kuona haya.

Mumewe, Ame, hakuja kumtazama. Ame alikuwa mchoma chokaa. Kwa miaka thelathini na tano alipanga magogo na matumbawe kwenye tanuu, akawasha, akasimama kwenye moshi siku nzima, na chokaa yake ilipaka nusu ya nyumba za pwani ile. Tanuu lilikwisha kitambo, moshi ukabaki kifuani. Alipumua kwa mluzi na alizungumza kwa vipande. Kuhusu gari la mkewe alikuwa na kauli moja tu.

"Gari lisilounguruma," alisema, "ni kabati lenye magurudumu."

Na mwaka mzima hakulipanda.

Siku ya hitima ya marehemu mume wa Thuwaiba, jirani wa nyumba ya tatu, mvua iliamka na watu. Siku moja kabla jua lilikuwa limewaka la kupasua kichwa, na gari lilionyesha asilimia themanini na sita. Sasa ilinyesha kwa upepo, mti ukaangukia waya wa umeme njia ya Moa, na Kichangani nzima ikawa gizani mchana. Kuni za Thuwaiba zilikuwa zimelowa. Wageni arobaini walikuwa njiani, friji la samaki limeanza kutoa maji, na kipaza sauti cha mwalimu wa madrasa hakina uhai. Thuwaiba akaja mlangoni kwa Mwanamkasi akiwa ameshika ncha ya waya mrefu wa umeme.

"Dada," alisema, "n'na hitima na sina moto."

Gari lina soketi nyuma, kwenye buti. Fundi aliifunga kwa ajili ya dharura, na kikao kilipitisha kwamba haitumiki bila ruhusa ya kikao. Mwanamkasi aliijua kanuni hiyo kwa sababu ndiye aliyeipigania. Lakini alipomtazama Thuwaiba mlangoni, ameloa, ameinua ile ncha ya waya, hakuona waya. Aliona kifuu. Alimsema kwanza, kwamba kuni hazianikwi siku ya hitima, kwamba mwenye wageni arobaini huangalia mbingu, kisha akaleta ufunguo.

Birika kubwa la umeme la madrasa lilichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri. Friji likanguruma. Kipaza sauti kikasoma. Watu walikunywa chai ya moto kwenye mvua ile na kumwombea marehemu kwa sauti, na Mwanamkasi, akipita na sinia la maandazi, alijisikia vizuri kabisa. Jioni alifungua mlango wa gari akatazama namba. Arobaini na moja. Akajiambia kesho litatoka jua, paa la madrasa litafanya kazi yake, na hakuna mtu atakayejua.

Kesho yake jua halikutoka.

Baada ya sala ya alfajiri alimkuta Ame ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Alijaribu kusema neno likakatikia katikati. Mwanamkasi alikuwa amemwona akibanwa mara nyingi, ila safari hii aliona hofu machoni mwa mumewe, na Ame hakuwa mtu wa hofu. Alimbeba, ndiyo, alimbeba, maana mzee alikuwa amebaki mifupa, akamwingiza kwenye kabati lenye magurudumu na kumpeleka zahanati.

Tabibu wa zahanati alikuwa Innocent, kijana wa Bukoba mwenye miwani na adabu nyingi, aliyemwamkia kila mtu shikamoo hata akiwa amebeba sindano. Alimwekea Ame kile kipimo cha kidoleni, cha hewa iliyomo damuni. Sabini na sita.

"Mama, anahitaji oksijeni sasa hivi," alisema. "Mashine ninayo. Umeme sina."

Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida, huichuja, na kutoa oksijeni kwa mrija mwembamba unaoingia puani. Bila umeme ni sanduku. Mwanamkasi alitazama sanduku, akatazama nje lilipo gari, na kabla Innocent hajamaliza kueleza alikuwa amekwisha kulirudisha nyuma mpaka mlangoni. Walichomeka. Mashine ikatetemeka, ikaanza kuvuta na kutoa. Baada ya dakika kumi kipimo kilisoma tisini, na rangi ya midomo ya Ame ikaanza kurudi. Mwanamkasi alikuwa ameshuhudia mambo mengi duniani lakini hakuwahi kuona mtu anarudishwa na waya.

Kilichofuata ndicho kosa la watu wote, na hakuna aliyelikiri baadaye, kwa hiyo tuliseme. Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limekwenda Tanga na mgonjwa mwingine. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na kila mmoja alisema neno lile lile: apelekwe mjini, apelekwe, mnangoja nini? Kwani gari ni la nini kama si la kwenda? Innocent alimwachia muuguzi zahanati. Wakamlaza Ame kiti cha nyuma, wakaiweka mashine karibu na miguu yake, ikiendelea kula kwenye ile soketi ya buti. Mwanamkasi akashika usukani. Namba ilisema thelathini na tisa. Kutoka Kichangani mpaka hospitali ni kilomita sitini na tano.

Hakumwambia Innocent kwamba juzi gari lilikuwa karibu kujaa.

Njia ya udongo iliwanyonya. Palipokuwa na mchanga sasa palikuwa na uji, na gari lilijikokota, tairi zikizunguka pasipo kusogea, kisha likikamata na kuruka. Kwenye kijito kimoja maji yalifika mlangoni na Mwanamkasi alipita akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Kila alipoangalia namba ilikuwa imeshuka. Thelathini na tano. Thelathini. Ishirini na sita. Nyuma yake alisikia vitu viwili tu, mashine ikivuta na Ame akipumua. Gari jingine lolote lingefunika sauti zile. Hili liliziacha zote wazi, na yeye alizifuata pumzi moja moja, akishindwa kupumua ya kwake mpaka ya mumewe iwe imetoka salama.

Walipogusa lami namba ilikuwa ishirini na tano. Walipokwenda kilomita nane zaidi ilikuwa kumi na tisa. Zimebaki arobaini na mbili.

"Mama," alisema Innocent kwa sauti ya chini, "nimepiga hesabu. Asilimia moja inatupa kilomita moja na nusu. Tutazimikia njiani, na mashine itazima pamoja na gari."

"Zitabaki ngapi tukizimika?"

"Kama kumi na nne."

Mwanamkasi aliendelea kuendesha. Aliona birika. Aliliona wazi kabisa likichemka, mvuke wake mweupe, watu wakipokezana vikombe, na akajua sasa ameua. Kwa ukarimu, kwa uzuri wa tabia, kwa kujisikia vizuri na sinia la maandazi. Kilomita kumi na nne za uhai wa mume wake zilinywewa na watu wakiwa wamekaa mkekani. Alitaka kusimamisha gari apige kelele, na lile wazo la kusimamisha ndilo lililomwamsha.

"Innocent, mwanangu," alisema. "Hiyo mashine peke yake, bila magurudumu, inakula kiasi gani?"

"Kidogo, mama. Kama theluthi ya pasi."

"Sasa gari likisimama?"

Kijana alivua miwani, akaivaa. Alitoa simu akaanza kubonyeza namba, akazifuta, akabonyeza tena.

"Likisimama," alisema taratibu, "kwa asilimia kumi na tisa, mashine inaweza kwenda mpaka usiku. Zaidi ya saa kumi." Kisha akajishika kichwa. "Mungu wangu. Tungeweza kubaki pale pale zahanati."

"Hakuna aliyewaza," alisema Mwanamkasi. "Piga simu, gari la wagonjwa litufuate hapa."

Akaingia kando ya barabara, mahali panapoitwa Kibaoni, penye vibanda vichache, karakana ya pikipiki na mama mmoja anayekaanga vitumbua. Akakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, na nyuma mashine ikaendelea, kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa.

Gari la wagonjwa lilikuwa bado hospitali, likingoja mtungi wa oksijeni ujazwe. Mwanamkasi alimpigia binti yake Maryam, anayekaa Nguvumali, akamwambia aende akasimame mlangoni mwa gari lile na asiondoke hapo mpaka liondoke. Maryam ni mtoto wa mama yake. Alikwenda.

Kungoja kukaanza, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kijito. Watu wa Kibaoni walilizunguka gari. Waliona mzee amelala, mrija puani, na mwanamke ameketi mbele ya usukani mikono mapajani hafanyi kitu. Fundi wa pikipiki, Castory, mtu mzima mwenye mikono ya grisi, aliinama dirishani.

"Mama, limekuharibikia?"

"La. Ni zima kabisa."

"Mafuta?"

"Halina mafuta."

"Sasa mbona hamwendi? Mgonjwa huyo! Mgonjwa hawekwi kando ya barabara kama gunia!"

"Tukienda atakufa," alisema Mwanamkasi. "Tukikaa atapona."

Castory alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Dereva wa lori aliyesimama kununua vitumbua akasema yeye atambeba mzee, nafasi ipo, dakika arobaini yuko mjini. Je, lori lako lina soketi ya kuendesha mashine hii? Halina. Basi asante, baba, nenda salama. Mwingine akasema afadhali kujaribu kuliko kukaa. Mwingine akasema wanawake wa siku hizi. Mwanamkasi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu tangu ajifunze kusema, hawa hakuwajibu. Kila kiungo cha mwili wake kilikuwa kinamwambia kanyaga, nenda, fanya kitu, na yeye alikuwa ameukalia mguu wake wa kulia ili usikanyage.

Mama wa vitumbua alikuja mwisho. Alikuwa Semeni, mnene, mpole, na mkononi alikuwa na simu.

"Dada yangu, nisamehe," alisema. "Tangu jana hatuna umeme. Naona hapo nyuma pana soketi. Kidogo tu, nipate kuzungumza na mwanangu."

Mwanamkasi alifungua mdomo. Maneno yaliyokuwa tayari, yale ya siku zote, yalifika mpaka kwenye ulimi. Halafu akamsikia Ame akivuta pumzi.

"Hapana," alisema.

Alilisikia neno hilo likitoka kwake akadhani limesemwa na mwingine. Uso ulimwaka kwa aibu. Miaka hamsini na sita, na la kwanza kulitoa alimtolea mgeni mpole aliyeomba kitu kidogo kuliko kaa la moto. Alingoja Semeni akasirike, na angemstahi kwa hasira hiyo. Semeni alitazama waya, akaufuata kwa macho kutoka kwenye soketi mpaka kwenye sanduku, kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye mrija, kutoka kwenye mrija mpaka kwenye pua ya Ame. Mkono wake ukapanda mdomoni.

"Anavuta humu?" alinong'ona. "Pumzi yake inatoka ndani ya gari?"

"Inatoka humu."

"Subhanallah," alisema Semeni, na akarudi nyuma hatua mbili, akawapanga watu wote warudi nyuma pamoja naye, asije mtu akaukanyaga waya. Kisha akaleta uji wa moto kwa bakuli mbili, na hakuitaja tena simu.

Baada ya nusu saa Mwanamkasi alijipa ujasiri wa kutazama namba. Kumi na tisa. Alidhani imeganda. Aligonga kioo kwa ukucha. Kumi na tisa. Ile namba iliyokuwa ikiporomoka njia nzima, ilikuwa imetulia tuli. Alimwita Innocent atazame. Innocent akatazama, akacheka kwa pumzi bila sauti, machozi yamejaa chini ya miwani. Ilipita muda tena, robo saa nzima, ndipo ikawa kumi na nane, na hapo nayo ikakaa.

Ndipo mshangao ulipomshukia Mwanamkasi, na haukumwachia tena siku ile. Mvua ilikuwa imekatika lakini mbingu bado ilikuwa imefungwa, kijivu mwanzo hadi mwisho, bila hata tundu la kupitisha mwanga. Hakuna jua tangu juzi. Na juzi ndiyo siku lile jua kali lilipopiga paa la madrasa, watoto wakiwa chini yake wanasoma, wao hawana habari, likashuka kwa waya na kuingia ndani ya gari hili na kukaa. Jana limechemsha chai, limegandisha samaki, limemsomea marehemu. Leo asubuhi limevuka kijito na watu watatu. Na sasa limegeuka pumzi. Aligeuka kumtazama mumewe, kifua chake chembamba kikipanda na kushuka, akaelewa kwamba Ame anavuta jua la juzi. Alihisi nywele zikimsimama. Alitaka kumwambia mtu, lakini hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akasema tu, "Allahu Akbar," na watu wa Kibaoni waliokuwa kimya kando ya barabara wakaitikia bila kuuliza.

Castory alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, kofia mikononi. Alikuwa amefanya kazi na injini maisha yake yote, akizijua kwa masikio, na sasa alikuwa amelikazia macho gari ambalo halitoi hata mnong'ono.

"Nimekuwa nikingoja liwake," alimwambia Innocent. "Kumbe liliwaka tangu mlipofika."

Gari la wagonjwa lilitokea likipiga king'ora baada ya saa mbili kasoro. Namba ilikuwa kumi na sita. Muuguzi mmoja aliruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Poleni kwa kukwama," alisema.

"Hatukukwama," alisema Castory kabla ya Mwanamkasi, kwa ukali wa mtu anayetetea cha kwake. "Tulisimama."

Wakaja na machela na mtungi. Ukafika ule wakati ambao Innocent alikuwa ameuogopa, wa kutoa mrija mmoja na kuweka mwingine. Aliutoa. Ame alikuwa na hewa ya Mungu tu, ile ambayo kifua chake hakiiwezi tena, na Kibaoni nzima ilijizuia kupumua pamoja naye. Moja. Mbili. Tatu. Mrija wa mtungi ukaingia, ukafungwa nyuma ya masikio, na kifua kikainuka. Kipimo kilisoma tisini na mbili.

Mwanamkasi ndiye aliyezima mashine. Alibonyeza kitufe, akaweka kiganja juu ya sanduku lile lililokuwa bado na joto, akakiacha hapo kidogo. Kisha ikabidi aachie gari. Hakuwa na mtu wa Kichangani wa kumkabidhi. Alimtazama Semeni, mwanamke aliyemnyima, akamwekea ufunguo mkononi.

"Ni la watu wengi," alisema. "Watakuja kulichukua. Na soketi ile, sasa akili imenirudi, nakwambia ndiyo. Chomeka simu yako. Zungumza na mwanao."

"Nenda, dada," alisema Semeni. "Nenda na mumeo."

Ndani ya gari la wagonjwa kulikuwa na kelele nyingi, injini, king'ora, vyuma vikigongana. Mwanamkasi aliketi kwenye kibao kando ya machela. Sasa kwa kuwa hatari ilikuwa imepungua, lile alilolificha tangu asubuhi lilimzidi uzito, akaona hatalifikisha mjini. Aliinama mpaka sikioni mwa mumewe.

"Baba Maryam. Gari lilikuwa karibu kujaa juzi. Mimi nililifungulia watu jana, bila kikao, bila ruhusa. Birika la Thuwaiba lilikula njia yako. Ungekufa leo, ungekufa kwa ajili yangu, na ningekaa na siri hiyo mpaka kaburini."

Ame alifumbua macho. Alimtazama muda mrefu, akikusanya pumzi za kutosha maneno.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Waya." Akapumua. "Ulipita kwenye maji. Uani kwa Thuwaiba. Pale ulipounganishwa." Akapumua tena. "Ungelowa, ungezima. Au ungeua mtu."

"Sasa?"

"Niliushika. Nikauinua juu. Mpaka hitima ikaisha."

Mwanamkasi alihesabu saa. Asubuhi mpaka alasiri, kwenye mvua ile ya upepo, mzee mwenye kifua cha moshi amesimama uani peke yake, mkono juu, amelishikilia lile gari analolidharau lisikate chai ya watu. Na yeye alikuwa ndani akigawa maandazi. Ndiyo maana jana jioni alirudi na baridi ndani ya mifupa, na ndiyo maana leo wako hapa.

"Wewe una wazimu?" alisema. "Kwa nini hukuniita? Kwa nini usiuache uzime?"

Ame alifumba macho. Ilimchukua pumzi tatu.

"Ungezima," alisema, "wangesema umewanyima."

Mwanamkasi aliuchukua ule mkono wa kulia wa mumewe, mkono uliopinda kwa miaka ya tanuu, akauinua na kuuweka begani kwake mwenyewe, na akaushikilia hapo kwa mikono miwili mpaka walipofika Tanga.